Valvu, Sindano na Kanuni: Santuri za Zamani kama Chanzo cha Historia

Utangulizi

Tunapofundishwa kazi ya mwanahistoria, tunaambiwa kwanza tuihoji hati: nani aliiandika, lini, kwa ajili ya nani, na imepitia mikono ya nani hadi kutufikia. Maswali hayo tunayauliza kwa barua, kwa daftari za utawala wa kikoloni na kwa picha. Kwa santuri hatuyaulizi sana. Tunaiweka juu ya gramafoni, tunashusha sindano, na sauti inayotoka tunaiita sauti ya mwaka 1950, kana kwamba hakuna kilichosimama katikati yetu na mwimbaji.

Katikati hapo kuna chombo ambacho watu wengi hawakioni: amplifaya ya awali. Kazi yake ni kuchukua umeme hafifu unaotoka kwenye kichwa cha sindano, kuukuza, na kuirudisha sauti katika mizani yake. Siku hizi wapenzi wa santuri wamerudia amplifaya za awali zinazotumia valvu, yaani vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za babu zetu, na huzibadilisha valvu hizo moja baada ya nyingine wakitafuta sauti bora. Wengi husema valvu huirudisha sauti ya asili ya santuri.

Katika makala hii nataka kuipima kauli hiyo kwa njia mbili: kwa historia ya chombo chenyewe, na kwa majaribio mawili niliyoyafanya Lubumbashi pamoja na mjomba wangu, ambaye ni fundi wa redio. Hoja yangu ni kwamba valvu zina historia nzito na zinastahili kuhifadhiwa, ila mwanafunzi anayesikiliza santuri za zamani ili aandike historia anapaswa kuuliza swali jingine kabla ya hilo la valvu: santuri hii ilikatwa kwa kanuni gani?

Kichupa kisicho na hewa

Katika miaka ya 1880 Thomas Edison, akishughulika na taa zake za umeme, aliona kwamba umeme unaweza kuvuka nafasi tupu ndani ya kichupa cha taa, kutoka kwenye waya wa moto kwenda kwenye kipande kingine cha chuma. Yeye hakupata matumizi makubwa ya jambo hilo. Aliyeyapata ni Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi. Mwaka 1904 alitengeneza kichupa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama valvu ya bomba inavyoruhusu maji. Jina la valvu limetoka hapo.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza waya wa tatu katikati, unaoitwa gridi. Tangu hapo valvu ikawa na uwezo wa kukuza sauti. Kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni, na anodi yenye volti nyingi huzivuta. Gridi ikikaa kati yao, badiliko dogo la umeme kwenye gridi huleta badiliko kubwa la umeme unaofika kwenye anodi. Ni kama mtu anayefungua na kufunga bomba kubwa la maji kwa kidole kimoja.

Santuri zilikuwapo kabla ya haya yote. Edison alionyesha fonografu yake mwaka 1877, na Emile Berliner alileta sahani bapa miaka kumi baadaye. Lakini hadi mwaka 1925 waimbaji walisimama mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ya kukatia. Ala zenye sauti ndogo zilipotea. Mwaka 1925 kampuni za Marekani zilianza kutumia mtambo wa Western Electric wenye maikrofoni, amplifaya ya valvu na kichwa cha kukatia cha umeme. Kuanzia wakati huo mwimbaji aliweza kuimba kwa sauti ya kawaida, na gitaa likasikika vizuri zaidi. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV mwaka 1928, miaka mitatu tu baada ya mabadiliko hayo.

Kwa upande wetu wa Kongo, Nicolas Jeronimidis alianzisha studio ya Ngoma mjini Léopoldville mwaka 1948. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Transista ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947, lakini ilikuwa bado haijafika kwenye vyombo vya kawaida vya sauti. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954. Kwa hiyo kila sauti iliyorekodiwa kwa umeme kabla ya hapo, iwe ya Zanzibar, ya Léopoldville au ya Katanga, ilipita ndani ya valvu. Mpaka hapa wanaosema valvu ni ndugu wa santuri za zamani wana haki.

Kanuni ya 1954

Sasa tuje kwenye jambo lisilosemwa sana. Santuri haikatwi jinsi sauti ilivyo. Sauti nzito, yaani besi, ikiachwa kama ilivyo hufanya mfereji uyumbe kwa upana mkubwa. Mifereji huingiliana, sindano huruka, na upande mmoja wa santuri hubeba dakika chache mno. Kwa sababu hiyo mkataji hupunguza besi. Sauti nyembamba za juu nazo hufunikwa na mkwaruzo wa sahani, kwa hiyo mkataji huweza kuzikuza ili ziushinde mkwaruzo huo. Mchezaji wa santuri anapaswa kufanya kinyume chake: arudishe besi na apunguze sauti za juu kwa kipimo kilekile, na hapo mkwaruzo hupungua pamoja nazo.

Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Kampuni moja ilianza kupunguza besi chini ya hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, nyingine chini ya hezi 500. Kuhusu sauti za juu, nyingine zilizikuza sana, nyingine kidogo, nyingine hazikuzigusa kabisa. Ndiyo maana amplifaya za awali za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Audio Consolette ya Saul Marantz, zilikuwa na vitufe vya kuchagua kanuni kulingana na kampuni iliyotoa santuri.

Mwaka 1954 chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, RIAA, kilikubaliana juu ya kanuni moja, na baada ya muda dunia nzima iliifuata. Kwa kanuni hiyo, wakati wa kucheza, sauti ya hezi 20 hukuzwa zaidi ya mara 9 ikilinganishwa na sauti ya hezi 1,000. Sauti ya hezi 10,000 hupunguzwa karibu mara 5, na ile ya hezi 20,000 zaidi ya mara 9. Hayo si marekebisho madogo. Amplifaya za awali za leo, ziwe za valvu au za transista, karibu zote zimejengwa kwa kanuni hiyo peke yake, na vile vitufe vya zamani vimeondolewa.

Kwa santuri ndefu za kasi ya 33 zilizotoka baada ya kanuni kuenea hakuna tatizo. Kwa santuri za kasi ya 78 za miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, tatizo ni kubwa. Hizo ndizo zilizobeba sauti za wazazi wetu.

Viwanda vilivyobaki

Kabla ya kueleza majaribio ni lazima niseme valvu za leo zinatoka wapi, kwa sababu anayebadilisha valvu analinganisha viwanda, na viwanda vina siasa zake.

Valvu inayotumika zaidi katika amplifaya za awali za santuri huitwa ECC83 na Wazungu wa Ulaya, na 12AX7 na Wamarekani. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndani ya kichupa kimoja kuna valvu mbili, na kipimo chake cha ukuzaji ni 100. Kichwa cha kawaida cha sindano yenye sumaku hutoa kama milivolti 5 tu, kwa hiyo kinahitaji chombo chenye nguvu ya kukuza namna hiyo na utulivu mkubwa. Mullard waliitengeneza Blackburn, Uingereza. Telefunken waliitengeneza Ujerumani na kuweka alama ya almasi chini ya kioo. RCA waliitengeneza Marekani. Hizo ndizo zinazotafutwa leo kama dhahabu.

Transista iliposhika redio na televisheni, viwanda vingi vya Magharibi viliacha valvu ndogo za sauti, na kufikia miaka ya 1980 vikubwa vilikuwa vimefungwa au vimegeukia kazi nyingine. Upande wa Mashariki mambo yalikwenda kwa mwendo tofauti. Tarehe 6 Septemba 1976 rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alitoroka na ndege ya kivita aina ya MiG-25 na kutua Hakodate, Japani. Wataalamu wa Magharibi walipoifungua walikuta rada yake ina valvu. Wengine walicheka, lakini valvu huvumilia joto na mishtuko ya umeme kuliko transista za wakati ule. Jeshi lilipoendelea kuzihitaji, viwanda viliendelea kuwaka.

Vita Baridi vilipokwisha, viwanda hivyo vilipata mteja mpya: wapiga gitaa la umeme, ambao amplifaya zao hazikuwahi kuachana na valvu, na wapenzi wa santuri nyuma yao. Leo valvu ndogo za sauti hutoka hasa Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia, na China. Kiwanda cha Saratov kilinunuliwa na kampuni ya Mmarekani Mike Matthews mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapo tuna kioja cha historia: kiwanda kilicholihudumia jeshi la Kisovieti sasa kinawatumikia vijana wa Marekani wanaopiga gitaa. Mwezi Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mauzo ya valvu za Urusi kwenda nje yalisimama kwa muda, na wapiga gitaa wa mabara yote wakatambua kwamba sauti yao ilitegemea miji miwili mitatu tu.

Jaribio la kwanza: kubadilisha valvu

Mjomba wangu ana karakana katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Alipata amplifaya ndogo ya awali yenye valvu mbili za ECC83, na akaniambia kwamba tangu aiunganishe, rumba imepata nyama. Tulikuwa na jozi tatu za valvu: mbili mpya kutoka viwanda tofauti, na moja ya zamani iliyotolewa kwenye rekoda ya utepe iliyokufa. Niliziita A, B na C.

Tulikubaliana kwamba msikilizaji asijue ni jozi ipi iliyomo. Binamu yangu alizibadilisha nyuma ya kitambaa, na kila aliposema tayari tuliandika herufi kwenye karatasi. Nieleze utaratibu kwa wenzangu watakaotaka kujaribu, maana ndani ya chombo hiki kuna volti 200 na zaidi. Zima, chomoa waya ukutani, subiri kapasita zimalize umeme wake na kioo kipoe. Shika kichupa kwa kitambaa kikavu, kivute wima bila kukipinda, na linganisha nafasi iliyo kati ya pini 9 na tundu kabla ya kusukuma kingine ndani. Ukiwasha, acha kwa dakika kumi. Usichanganye pia majina: ECC82 ina pini zilezile na inaingia, lakini kipimo chake cha ukuzaji ni chini ya 20. Sauti itafifia, na katika vyombo vingi mizani ya besi itaharibika.

Kabla ya kusikiliza, mjomba alitumia santuri ya majaribio yenye mlio mmoja na mita yake, akasawazisha ukubwa wa sauti kwa kila jozi. Jambo hili ni la lazima. Sikio hupenda sauti iliyo kubwa kidogo na kuiita bora.

Matokeo yalikuwa hivi. Jozi B tuliitambua kila mara, kwa kelele zake: ilivuma katika ukimya kati ya nyimbo, na ukiigonga meza iliitikia kama kengele ndogo. Kati ya A na C, muziki ulipokuwa ukipigwa, hatukupatana. Nilipoandika A mjomba aliandika C, na raundi iliyofuata tukabadilishana. Jozi ya zamani ilikuwa tulivu kuliko zote, na kwa hilo ilistahili sifa yake. Lakini ile sauti ya asili niliyokuwa nikiitafuta haikujitokeza kwenye jozi moja na kukosekana kwenye nyingine.

Ukifikiri kihistoria, hili halishangazi. Santuri tuliyotumia ilikuwa ya rumba ya miaka ya 1970, wakati ambapo studio nyingi duniani zilikuwa zimehamia kwenye transista. Valvu haiwezi kurudisha kitu ambacho huenda hakikuwamo. Inaweza kuongeza utamu wake yenyewe, na mtu ana haki ya kuupenda utamu huo.

Jaribio la pili: kubadilisha kanuni

Kisha tukachukua sahani ya kasi ya 78 ya gitaa na sauti ya mtu mmoja, mtindo wa Katanga, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tuligeuza kichwa upande wenye sindano nene, kwa sababu mfereji wa 78 una upana wa karibu mara tatu ya ule wa santuri ndefu, na sindano nyembamba huburuza chini kwenye vumbi.

Kwanza tuliisikiliza kwa kanuni ya RIAA. Ilisikika kama watu wanavyotarajia santuri ya zamani isikike: ya mviringo, yenye joto, ya mbali kidogo. Mjomba alitikisa kichwa kwa furaha. Kisha akachomea swichi ndogo kwenye kapasita inayopunguza sauti za juu, ili tuweze kuizima. Hatukugusa valvu hata moja.

Mkwaruzo uliongezeka papo hapo, kama mafuta yanayokaangwa. Lakini nyuma ya mkwaruzo huo mwimbaji alisogea mbele. Kucha zilisikika zikigusa nyuzi. Na maneno yalibadilika. Herufi s, sh, z na f hukaa hasa katika sauti za juu, zilezile ambazo RIAA inazipunguza. Kabla ya hapo kulikuwa na sehemu ambapo mjomba alisikia mtu "amefika" na mimi nikasikia "ameshika". Swichi ilipozimwa hakukuwa na ubishi tena: ilikuwa sh.

Mfano huo mdogo unaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Nyimbo za miji ya migodi ni kati ya vyanzo vichache ambamo wafanyakazi wenyewe wanasema, kwa Kiswahili chao, kuhusu safari, mshahara, ndoa na ugomvi. Kumbukumbu za kampuni zinatuambia idadi yao. Nyimbo zinatuambia mawazo yao. Mtu aliyefika mjini na mtu aliyeshika kitu ni habari mbili tofauti. Mwanafunzi anayenakili maneno kwa kusikiliza santuri iliyopitishwa kwenye kanuni isiyo yake anaweza kuandika historia ya mtu ambaye hakuwahi kufika.

Ile joto tuliyoisikia mara ya kwanza, na ambayo watu huipa valvu sifa, kwa sehemu kubwa ilikuwa upungufu: sauti za juu zilizokatwa na kanuni ya 1954 kutoka kwenye sahani ambayo haikuzikuza tangu mwanzo. Tulikuwa tukiusifu uzee wa wimbo, na sehemu ya uzee huo tuliitengeneza wenyewe mezani.

Hitimisho

Historia ya valvu inastahili kusomwa. Inapita kwenye taa za Edison, kwenye pembe zilizotupwa mwaka 1925, kwenye rada ya ndege ya kivita na kwenye kiwanda cha Saratov, na bila valvu tusingekuwa na sauti ya Siti wala ya Mwenda. Anayeweza kupata amplifaya ya valvu aipate, achague jozi iliyo tulivu, na afurahie.

Lakini kwa kazi yetu ya chuoni napendekeza mambo matatu. La kwanza, anayehamisha santuri za 78 kwenda kwenye kompyuta aandike alitumia sindano ya upana gani na kanuni gani, kama vile tunavyoandika namba ya jalada la hati. La pili, ahifadhi nakala moja ambayo haijapunguzwa sauti za juu, hata kama inakwaruza masikio, kwa sababu kilichokatwa hakirudishwi vizuri baadaye. La tatu, maneno ya wimbo yanakiliwe na watu wawili waliokaa mbalimbali, na mahali wanapotofautiana paachwe wazi kwenye maandishi.

Swichi ya mjomba bado iko mahali pake. Yeye mwenyewe, akisikiliza kwa raha zake jioni, huiwasha na kurudi kwenye ile sauti ya mviringo. Nikifika na daftari, huizima kabla sijaketi.